Dunia ni duara: kama ungo au kama chungwa?

Ndugu Mhariri,

Tafadhali nipatie nafasi katika gazeti lako ili niwaeleze wasomaji wenzangu jambo lililonipata mimi, mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini, ambalo naamini linawahusu walimu wengi pamoja na wazazi. Jambo lenyewe ni umbo la dunia. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Huyu mwalimu hana kazi? Jambo hilo lilikwisha zamani." Nami nilidhani hivyo hivyo mpaka tarehe 7 Septemba 2025.

Usiku wa siku hiyo, ambayo ilikuwa Jumapili, mwezi ulipatwa. Kiasi cha saa moja na nusu kivuli kilianza kuumega kidogo kidogo, na ilipotimia saa mbili na nusu ulikuwa umefunikwa wote, mwekundu kama shaba. Ukakaa katika hali hiyo kwa muda wa dakika 82. Kijijini kwetu, pwani ya Tanga, watu walitoka nje. Waumini waliswali swala ya kupatwa kwa mwezi, na watoto waliruhusiwa kukesha kuliko kawaida yao.

Jumatatu asubuhi niliingia Darasa la Sita nikiwa na furaha, maana somo lilikuwa limejileta lenyewe. Nikawaeleza wanafunzi kwamba dunia ilisimama katikati ya jua na mwezi, na kwamba kivuli kile tulichokiona ni kivuli cha dunia yetu. Kisha nikauliza, "Dunia ina umbo gani?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Dunia ni duara!" Nikaridhika, kama tunavyoridhika walimu tunapoitikiwa kwa sauti kubwa.

Hapo msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, duara kama ungo au duara kama chungwa?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu, "Kama chungwa." Naye hakukaa. Akauliza tena, "Umejuaje, Mwalimu?"

Ndugu Mhariri, naona haya kuandika nilivyomjibu, lakini nisipoandika barua hii haitakuwa na maana. Nilimwambia, "Imeandikwa kitabuni. Kaa chini." Mtoto akakaa. Sikumwona akinyoosha mkono tena wiki ile yote.

Jioni ya siku ile ile nilipita barazani tunapokunywa kahawa. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ambaye sasa anafanya biashara ya samaki, alikuwa ameshika simu yake na wazee wamemzunguka. Walikuwa wakitazama picha za video za mtu anayesema kwamba dunia ni bapa kama ungo, kwamba ukingoni mwake kuna ukuta wa barafu, na kwamba jua ni dogo na liko karibu, likizunguka juu yetu kama taa. Kijana akanigeukia kwa adabu. "Shikamoo Mwalimu. Wewe unasemaje juu ya haya?" Nikasema kwamba vitabu vyote vya jiografia vinakubaliana kuwa dunia ni mviringo. Akanijibu maneno ambayo sijayasahau:

"Mwalimu, kitabu chako kimeandikwa na mtu, na picha hizi zimetengenezwa na mtu. Mimi nimemwamini wangu na wewe umemwamini wako. Sasa tofauti yetu ni nini?"

Baraza zima likanitazama, nami sikuwa na jibu. Nilikunywa kahawa yangu nikaondoka.

Nilipofika nyumbani nilitambua kwamba yule msichana wa Darasa la Sita na yule kijana wa barazani wameniuliza swali moja. Mtoto nilimnyamazisha kwa kuwa nina chaki. Kijana sikuweza kumnyamazisha. Nilitambua pia kwamba huyu kijana aliwahi kukaa katika dawati kama lile, akaitikia "Dunia ni duara" kama wenzake, akapata alama yake. Hakuna aliyemwonyesha hata siku moja jambo hilo linajulikanaje. Hivyo alipokuja mtu mwingine mwenye sauti nzuri na picha za kupendeza, aliliacha neno la mwalimu kama mtu anavyovua kanzu ya kuazima.

Hata neno lenyewe "duara" tunalitumia ovyo. Ungo ni duara, sahani ni duara, na sarafu ni duara pia. Mtoto anaweza kuandika katika mtihani kwamba dunia ni duara, akapewa vema, na kichwani mwake amebeba ungo. Wengine wetu tunajua neno tufe, lakini tunaliacha kwa sababu "duara" linaitikika vizuri zaidi.

Usiku ule niliamua kwamba nitalijibu lile swali la "Umejuaje?" bila kitabu kuwa shahidi. Nilianza na yale tunayoyaona wenyewe.

Barazani kwetu yuko nahodha mzee aliyeendesha jahazi miaka mingi katika maji ya Tanga, Pemba na Mombasa. Nilimwuliza mbele ya wote: ukirudi kutoka bahari kuu unaona nini kwanza? Akasema, "Kwanza milima ya Usambara. Halafu vichwa vya minazi. Mchanga wa pwani huja mwisho kabisa." Nikamwuliza kwa nini mchanga usionekane pamoja na minazi, na hali vyote viko mahali pamoja. Akacheka akasema, "Maji yana mgongo, Mwalimu. Hilo kila baharia analijua." Na hesabu inamkubali. Mtu ambaye jicho lake liko mita 2 juu ya maji, upeo wake wa bahari uko kiasi cha kilometa 5 tu. Kilichoko mbele zaidi ya hapo huanza kuzama kuanzia chini.

Kijana akapinga. Alisema kamera yenye kioo cha kuvuta hukirudisha chombo kilichotoweka. Nahodha akamjibu, "Mwanangu, kamera inavuta kilicho mbali. Kilichoko nyuma ya mgongo wa maji haikivuti. Nipigie picha ya mchanga wa Pemba kutoka hapa ufukweni."

Ubishi huu si mpya, wala haukuanzia kwetu. Nimesoma kwamba mwaka 1838 huko Uingereza, mtu aitwaye Samuel Rowbotham alijiinamisha majini katika mfereji ulionyooka wa Old Bedford, akatazama mashua ikienda umbali wa maili 6, yaani karibu kilometa 10. Kwa kuwa aliiona mpaka mwisho, alitangaza kuwa dunia ni bapa. Hakufikiri kwamba hewa iliyo karibu sana na maji huupinda mwanga na kumwonyesha mtu kitu kilichokwisha kuzama. Mwaka 1870 mfuasi wa fikra hizo, John Hampden, aliweka dau la paundi 500 kwa yeyote atakayemwonyesha maji yaliyopinda. Mtaalamu wa viumbe Alfred Russel Wallace alilipokea. Alikwenda kwenye mfereji ule ule, akaweka alama juu zaidi ya maji ili kuepuka hewa ile, zote kwa kimo kimoja. Alipotazama kwa darubini, alama ya katikati ilionekana imeinuka juu ya mstari wa zile za mwisho. Mwamuzi akampa Wallace ushindi. Lakini Hampden hakukubali. Alimtukana Wallace kwa miaka mingi, hata akafungwa kwa ajili ya matusi hayo.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu ilinizuia kufanya kosa. Nilikuwa nataka kumshinda yule kijana mbele ya watu. Nikaona kwamba mtu aliyeaibishwa hatazami tena kipimo, anatazama heshima yake tu. Basi nikamwomba tupime pamoja, bila dau.

Nilichokusudia ni kile alichofanya Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Yeye alijua kwamba katika mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, siku ya jua kali la kiangazi mchana mwanga hufika mpaka chini ya kisima. Siku hiyo hiyo Alexandria, upande wa kaskazini, nguzo ilikuwa na kivuli. Pembe ya kivuli hicho ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara zima. Basi akauzidisha umbali wa miji hiyo miwili mara 50 akapata mzingo wa dunia. Hakuwa na chombo kingine isipokuwa kivuli, umbali na akili.

Nilipoueleza mpango huo barazani, kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo haitoshi. Weka taa karibu juu ya meza, simamisha njiti mbili, vivuli vyake vitatofautiana na meza ni bapa. Hata jua likiwa karibu itakuwa hivyo hivyo."

Nilikwenda kulala nikiwa nimekasirika. Asubuhi yake nilikubali kuwa amesema kweli. Fimbo mbili peke yake haziwezi kuamua kati ya dunia ya mviringo yenye jua la mbali na dunia bapa yenye jua la karibu. Mimi, mwenye cheti cha chuo cha ualimu, sikuwahi kuliona hilo, na muuza samaki ameliona kwa kuwa alikuwa anataka kubisha. Nilikesha nikichora mpaka nikaona dawa yake: fimbo ya tatu, na iwe mbali sana. Maana vivuli vya mahali pa karibu hukua karibu sawa katika hali zote mbili, lakini ukienda mbali vinaachana.

Nilipomwambia, alifurahi kama mtu aliyeona mawindo. "Ndugu yangu anasoma Cairo," akasema. "Nitampigia simu apime naye." Mimi kwa upande wangu nilimpigia mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuo, ambaye anafundisha karibu na mji wa Mtwara.

Tulichagua Jumatatu, tarehe 22 Septemba 2025, siku ambayo jua lilikuwa linavuka juu ya mstari wa Ikweta. Fundi mwashi wa kijiji alituazima timazi na pima maji, ili fimbo isimame wima na uwanja uwe sawa. Kila mmoja wetu alisimamisha fimbo ya mita 2, akawa anaweka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache, mpaka akapata kivuli kifupi kuliko vyote, ambacho ndicho cha adhuhuri halisi ya mahali pake. Aliyekuwa akiweka alama uwanjani kwetu ni yule msichana. Nilimwita mimi mwenyewe, na mbele ya darasa nikamwambia kuwa swali lake la siku ile lilikuwa swali zuri na kwamba nilimkosea. Aliinama chini akatabasamu.

Kivuli chetu kilikuwa sentimeta 18, kimeelekea kusini. Simu ikapigwa kutoka Mtwara: sentimeta 36, nacho kusini. Wanafunzi walichora pembetatu katika daftari na kupima pembe: kwetu nyuzi 5, Mtwara nyuzi 10. Tofauti ni nyuzi 5, nazo ni sehemu moja ya 72 ya duara zima lenye nyuzi 360. Umbali wa kaskazini kwenda kusini kati yetu na Mtwara ni kama kilometa 580. Wakazidisha: 72 mara 580 ni 41,760. Mzingo wa dunia unaojulikana, ukipita kwenye ncha zake mbili, ni kilometa 40,008. Kwa fimbo za mwanzi na daftari za shule hatukukosea sana.

Lakini ahadi ilikuwa ni kumjibu kijana, na Cairo adhuhuri hufika kama nusu saa baada ya kwetu. Katika nusu saa hiyo tulifanya hesabu mbili ubaoni. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya kijana: dunia ni bapa na jua liko karibu. Sisi tuko kilometa 555 kutoka Ikweta, na Mtwara kilometa 1,135. Kwa kivuli chetu, jua lingekuwa juu kiasi cha kilometa 6,170. Kwa kivuli cha Mtwara, kiasi cha kilometa 6,300. Kijana akapiga makofi. "Karibu sawa, Mwalimu!" Nikasema ni kweli, karibu sawa. Sasa Cairo iko kilometa 3,325 kaskazini ya Ikweta. Ikiwa jua hilo la karibu lipo, kivuli cha fimbo ya mita 2 Cairo kitakuwa kati ya sentimeta 106 na 108. Hesabu ya pili ilikuwa ya kitabu: dunia ni tufe lenye mzingo wa kilometa 40,000. Basi Cairo pembe ni nyuzi 30, na kivuli kitakuwa kati ya sentimeta 115 na 116. Niliandika namba hizo mbili kwenye karatasi, juu yake "ungo" na "chungwa", nikamkabidhi nahodha aishike.

Simu ya Cairo ilipopigwa, kijana mwenyewe ndiye aliyeipokea. Ndugu yake alimletea na picha ya kivuli chenye tepu ya kupimia juu yake. Kivuli kilielekea kaskazini, na urefu wake ulikuwa sentimeta 115.

Kijana aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Hakuna aliyemcheka, na mimi nilikuwa nimewaonya watoto wasicheke. Kisha tukafanya hesabu ya mwisho. Kutoka Mtwara mpaka Cairo, nyuzi 10 za kusini na nyuzi 30 za kaskazini ni nyuzi 40, yaani sehemu moja ya tisa ya duara. Umbali wake kaskazini kwenda kusini ni kilometa 4,460. Tisa mara 4,460 ni 40,140. Darasa likapiga kelele lenyewe, bila mimi kuuliza swali. Na kwa aliyeko mbali zaidi ushahidi unazidi: fimbo kama hiyo London siku hiyo hutoa kivuli cha kiasi cha sentimeta 251, na hali jua la karibu lingetoa 181 tu.

Kijana alibakiwa na swali moja, nalo zuri: "Umbali huo umeupata wapi? Si kwenye ramani za hao hao?" Nikamwambia kwamba ardhi ya Afrika imepimwa kwa mikono ya watu. Wapima ardhi walipima pembetatu baada ya pembetatu, kilima hadi kilima, kufuata mstari wa longitudo ya 30 kutoka Afrika ya Kusini mpaka Misri. Kazi hiyo ilianza karne ya 19, ikapita hata magharibi ya nchi yetu katika Mkoa wa Kigoma, na pengo lake la mwisho, katika Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Shabaha yao ilikuwa hasa kujua mpindo wa dunia.

Nikamwomba na yeye anijibu swali langu moja. Kama jua liko juu kilometa 6,300 na linazunguka tu juu ya ungo, linatuaje? Hata likienda kilometa 20,000 kutoka kwetu, bado lingekuwa nyuzi 17 juu ya upeo, halijagusa vilima. Nalo lingeonekana dogo, chini ya theluthi moja ya ukubwa wake wa adhuhuri. Lakini kila jioni tunaliona linazama nyuma ya vilima zima zima, ukubwa ule ule. Hilo halihitaji simu wala fimbo. Linahitaji kutoka nje tu saa ya magharibi.

Tukarudi pia kwenye kupatwa kwa mwezi, ambako ubishi ulianzia. Darasani tulifunga madirisha, tukawasha tochi, tukachukua sahani na chungwa. Sahani ukiigeuza, kivuli chake huwa duara, kisha yai, kisha mstari. Chungwa, uligeuze utakavyo, kivuli chake ni duara siku zote. Na ukingo wa kivuli kinachoumega mwezi ni wa duara kila mara unapopatwa, uwe mwezi unachomoza, uko utosini, au unatua. Umbo pekee lenye tabia hiyo ni tufe.

Mzee mmoja wa msikitini aliyekuwa akitusikiliza aliniuliza kama mambo haya hayagongani na dini. Nilimweleza habari za Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu wa karne ya 11. Yeye alipanda mlima katika nchi ambayo leo ni Pakistan, akapima jinsi upeo ulivyoshuka chini ya usawa wa jicho, na kwa pembe hiyo akakadiria ukubwa wa dunia. Huyo huyo aliandika kitabu juu ya kupima mahali ilipo miji, na mojawapo ya faida zake ni kuujua uelekeo wa kibla. Mzee akasema, "Basi kupima nako ni katika ibada." Sikuwa na la kuongeza.

Wasomaji wanaweza kuuliza: yote haya ya nini? Muuza samaki akiamini dunia ni ungo, samaki ataoza? Nami ningesema vivyo hivyo, kama si jambo nililoliona baadaye. Simu ile ile iliyoleta dunia bapa ilileta pia maneno kwamba chanjo ya watoto ni hila. Siku ya kliniki iliyofuata, kina mama wawili ninaowafahamu walibaki nyumbani. Nilipowauliza wamejuaje, waliniambia wamesikia. Hapo niliona ubaya wa kazi yangu mwenyewe. Mtoto aliyefundishwa miaka saba kwamba ukweli ni kile kinachosemwa na mwenye sauti kubwa mbele ya darasa, akikua atamfuata yeyote mwenye sauti kubwa. Kosa si la simu peke yake. Sisi walimu tulimtayarisha.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba elimu yetu haina budi kumjengea mwanafunzi akili ya kudadisi. Tulilisoma jambo hilo chuoni, tukalikariri, tukafaulu mtihani wake. Mimi nililikariri vizuri kabisa, na bado nikamwambia mtoto mdadisi akae chini.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shule ya msingi isimamishe nguzo ya kivuli uwanjani. Haihitaji fedha za mfadhili: mwanzi mmoja, timazi ya fundi na alama za mawe zinatosha. Shule za Tanga zipigiane simu na za Mtwara, za Bukoba na za Mbeya, watoto walinganishe vivuli vyao. Pili, watunga mitihani wapunguze maswali ya "Dunia ina umbo gani?" na waongeze ya "Umejuaje?" Swali la kwanza hata kasuku anaweza kulijibu. Tatu, vyuo vya ualimu vitufundishe namna ya kusema "Sijui, tupime," bila kuona kwamba heshima ya mwalimu imeanguka. Yangu haikuanguka. Tangu siku ile watoto wananiuliza zaidi, na nalazimika kusoma zaidi usiku.

Ama yule kijana, hajasema kwamba nimemshinda, na sikumwomba aseme. Wiki moja baadaye alikuja nyumbani kwangu jioni na samaki wawili, akakaa, akaniuliza: "Mwalimu, Desemba jua likienda kusini, kivuli cha hapa kwetu kitaelekea wapi, na kitakuwa na urefu gani?" Nilitaka kumjibu, maana jibu ninalo. Nikajizuia. Nikamwambia achukue mwanzi uliokuwa umeegemezwa ukutani akausimamishe kwake. Akauchukua.



Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kijijini,
Tanga